UZI: Hesabu ya stoo. Uagize kiasi gani, na uagize lini? Wenye maduka karibuni

#1 Stoo_Kuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili limejaa nyuzi za kutafuta mtaji. Za mtaji uliokwisha kupatikana, ukaenda kulala kwenye rafu, ni za kutafuta kwa tochi. Leo naleta hesabu, na mwenye simu yenye kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili anaiweza. Nitatumia duka la vifaa vya ujenzi na bidhaa moja tu, saruji, kwa sababu kila mtu anaijua na kwa sababu haina subira: ikikaa sana inaganda.

Kila mwenye stoo anajibu maswali mawili, ajue asijue. Niagize kiasi gani? Niagize lini? Msimamo wangu ni kwamba tunahangaika mno na swali la kwanza, ambalo hata ukikosea halikuumizi sana, na tunalipuuza la pili, ambalo ndilo linalotafuna faida. Namba ziseme.

Tuanze na kiasi. Kanuni yake ni ya mwaka 1913, ya Mmarekani Ford W. Harris, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse aliyejifundisha mwenyewe bila kupita chuo kikuu na baadaye akawa mwanasheria wa hataza. Kwa miaka mingi watu waliiita kanuni ya Wilson, kwa jina la mshauri aliyeitangaza mwaka 1934. Ndiyo dunia.

Harris aliona gharama mbili zinazovutana. Moja hulipwa kila unapoagiza, uagize mifuko 10 au 500, tuiite K. Nyingine ni ya kuweka mfuko mmoja stoo kwa mwaka mzima, tuiite h. Mauzo ya mwaka ni D. Kiasi kinachofanya jumla ya gharama iwe ndogo kuliko zote ni hiki:

Q = √(2 × D × K ÷ h)

Duka la mfano linauza mifuko 10 kwa siku, siku 300 za kazi, kwa hiyo D ni 3,000.

K ndipo wengi wanapovuruga. Gari likitozwa kwa mfuko, hiyo si K, ni sehemu ya bei ya mfuko. Vijana wanaoshusha mzigo kwa mfuko vilevile. K ni kile kinacholipwa mara moja tu kwa agizo zima: bodaboda ya kwenda kwa wakala kulipia, makato ya kutuma fedha, nusu siku ya kijana anayesimamia kushusha huku kaunta ikibaki na mtu mmoja. Tuseme 25,000.

Kwenye h, mfuko unafika stoo kwa 15,000. Mkopo una riba ya 18% kwa mwaka. Kama fedha ni yako mwenyewe usiweke sifuri, maana ingekuwa inafanya kazi kwingine. Ongeza 7% kwa pango la eneo mifuko inapokaa, inayochanika, na ile ya chini kabisa iliyonyonya unyevu wa sakafu ikawa jiwe. Jumla 25%, yaani 3,750 kwa mfuko kwa mwaka.

Weka namba: 2 × 3,000 × 25,000 ÷ 3,750 = 40,000. Kipeuo chake cha pili ni 200. Unaagiza mifuko 200, mara 15 kwa mwaka. Gharama ya kuagiza ni 375,000. Gharama ya kuhifadhi, ukikumbuka kwamba kwa wastani stoo ina nusu ya agizo, yaani mifuko 100, ni 375,000 pia. Hizo mbili hulingana kila mara kwenye kiasi bora. Jumla 750,000 kwa mwaka.

Sasa tukosee kwa makusudi:

Ukiagiza 160 badala ya 200: 768,750 (zaidi kwa 2.5%)
Ukiagiza 300: 812,500 (zaidi kwa 8.3%)
Ukiagiza 400: 937,500 (zaidi kwa 25%)
Ukiagiza 100: 937,500 vilevile

Umeagiza mara mbili ya kiasi sahihi na umepoteza 187,500 kwa mwaka mzima, haifiki 16,000 kwa mwezi. Kwa hiyo usimkeshee K kujua kama ni 25,000 au 31,000. Kama gari la wakala linajaa kwa mifuko 220, agiza 220 ukalale.

Haya, lini.

Kuna yule anayeagiza akiona sakafu. Stoo imebaki na mifuko 20, ndipo anapiga simu. Wakala anachukua wastani wa siku 4 kufikisha. Mifuko 20 inaisha baada ya siku 2, siku 2 nyingine anawaambia mafundi “njoo kesho”. Mara 15 kwa mwaka, hizo ni siku 30 bila saruji, mifuko 300. Kwa faida ya 800 kwa mfuko ni 240,000. Lakini fundi aliyefuata saruji angebeba na misumari, waya wa kufungia nondo, pengine koleo jipya. Weka 700 tu za hivyo vitu kwa kila mfuko na hasara inafika 450,000, na hapo sijamhesabu fundi aliyehamia duka la jirani moja kwa moja. Linganisha na 187,500 ya kukosea kiasi kwa mara mbili nzima.

Kwa hiyo unahitaji kiwango cha kuagizia: stoo ikishuka hapo, simu inapigwa siku hiyohiyo. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni mauzo ya siku za kusubiri: 10 × 4 = 40. Ya pili ni akiba ya tahadhari, kwa sababu hakuna kinachokwenda kwa wastani. Tuseme mauzo ya siku yana mchepuko wa mifuko 4, yaani siku nyingi yanacheza kati ya 6 na 14. Na wakala ana mchepuko wa siku 2: leo kafika siku ya pili, mwezi ujao siku ya saba. Kanuni:

Akiba = 1.65 × √(siku za kusubiri × mchepuko wa mauzo² + mauzo ya siku² × mchepuko wa wakala²)

Ile 1.65 ni ya kutaka usiishiwe katika mizunguko 95 kati ya 100. Ndani ya mabano: 4 × 16 = 64, halafu 100 × 4 = 400. Jumla 464, kipeuo 21.5, mara 1.65 inakuwa kama 36. Kiwango cha kuagizia ni 40 + 36 = 76.

Tazameni tena zile namba mbili. Vurugu za wateja zimechangia 64. Vurugu za wakala, 400. Ukihangaika ukapunguza kuyumba kwa wateja kwa nusu, akiba inashuka kutoka 36 hadi 34, basi. Ukimbana wakala ayumbe kwa siku 1 badala ya 2, inashuka hadi 21. Sisi tunawasoma wateja kila siku na wakala hatuandiki hata tarehe aliyofika. Daftari la stoo linahitaji safu mbili zaidi: tarehe niliyoagiza, tarehe mzigo uliposhuka. Andika kwa miezi michache tu, utamjua wakala wako kuliko anavyojijua.

Karibuni kwa maswali, leteni namba zenu.

#2 Mbishi_wa_Mtaa

Mkuu, nadharia nzuri za darasani. Wahindi na Wachaga wamejaza maghorofa Kariakoo bila kipeuo cha pili. Mimi naagiza kidogokidogo kila wiki na duka linakwenda. Kanuni yako ingeniambia niagize mzigo wa miezi. Hiyo hela ntaitoa wapi?

#3 Stoo_Kuu

Mbishi, karibu, uzi bila wewe haunogi.

Hujapingana na kanuni, umeifuata. Mtu ambaye mtaji wake ni mdogo, au kauchukua kwa riba kali, h yake ni kubwa mno, na h ikiwa kubwa Q inakuwa ndogo. Wewe umeweka namba zako kichwani bila karatasi. Hao unaowataja wanajua K yao na h yao kwa vidole, miaka mingi ya kuungua imewafundisha. Kanuni inamfaa asiye na hiyo miaka.

Tena angalia kitu kimoja. Zamani mwenye duka mkoani akitaka mzigo alilazimika kusafiri na fedha mfukoni. Ilipokuja M-Pesa, Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu 2008, na baadaye picha za bidhaa kwenye WhatsApp, akawa analipa akiwa dukani na kifurushi kinapanda basi la usiku. K ikishuka hadi robo, Q inashuka hadi nusu, kwa sababu ya kipeuo. Rafu zilezile, nusu ya mtaji. Hakuna aliyewakalisha wafanyabiashara semina. Toyota walifanya jambo hilohilo viwandani: hawakukubali kwamba K ni amri ya Mungu, wakafupisha muda wa kubadilisha vifaa kwenye mashine hadi kutengeneza kidogokidogo kukawa na faida. Ukiona kanuni inakuambia uagize mzigo mkubwa kuliko uwezo wako, kabla hujatafuta mkopo, ishughulikie K.

#4 Mzigo_wa_Mpanda

Shikamoo mleta uzi, au mambo, sijui umri wako 😄

Niko Mpanda, nauza nguo na vyombo. Bado nasafiri Kariakoo mwenyewe kwa sababu nguo za picha na nguo za mkononi ni vitu viwili. Naenda kila mwezi. Nauli kwenda na kurudi, lodge, kula, na mauzo yanayopungua nisipokuwepo, naweka laki 6 kwa safari. Mizigo nalipia kwa furushi. Kwa mwaka nanunua kama milioni 120. Bidhaa ziko zaidi ya mia, nipige kanuni kwa kila moja?

#5 Stoo_Kuu

Marahaba, ingawa nadhani tunalingana.

Usipige kwa kila moja, utapata jibu la uongo. Laki 6 yako ni moja kwa bidhaa zote. Ukiibebesha kila bidhaa peke yake, kanuni itakwambia ununue sufuria za miaka mitatu. Kwenye hali yako swali linageuka: nisafiri kila baada ya muda gani?

T = √(2 × K ÷ (kiwango cha gharama ya kuhifadhi × manunuzi ya mwaka))

Nikichukua 25% kama kwenye saruji: 0.25 × milioni 120 = milioni 30. Milioni 1.2 gawanya kwa milioni 30 ni 0.04, kipeuo chake 0.2 ya mwaka. Siku 73.

Sasa kwa fedha. Ukienda kila mwezi, safari 12 ni milioni 7.2 na kuhifadhi ni milioni 1.25, jumla 8.45. Ukienda kila miezi miwili, safari 6 ni milioni 3.6 na kuhifadhi milioni 2.5, jumla 6.1. Ukifuata siku 73 kamili, milioni 6.0. Unaona tena ule ulaini: kati ya siku 60 na 73 hakuna tofauti ya kugombania. Kati ya kila mwezi na kila miezi miwili kuna milioni 2.35.

Utaniambia kila safari ya miezi miwili inataka milioni 20 mkononi na wewe una 10. Sawa, ila hapa hesabu ina siri nzuri. Igeuze. Uliza: ni riba gani ingefanya safari ya kila mwezi iwe sahihi? Jibu ni 144% kwa mwaka. Maana yake, kwa kwenda kila mwezi unatamka kwamba fedha ya ziada kwako ina gharama ya 144%. Kama unakopa kausha damu ya 10% kwa mwezi, uko karibu kabisa na sahihi na sina la kukuambia. Kama una njia ya kupata fedha kwa 20 au hata 40%, chama cha kuweka na kukopa, benki, wenzako wa mchezo, basi kila safari ya kati unaitupa barabarani.

Jambo dogo: si kila bidhaa lazima inunuliwe kila safari. Zinazotoka taratibu, beba safari moja uruke moja. Na kama kuna mwenzako wa mtaa huohuo anayenunua vitu visivyogongana na vyako, mpokezane safari, K inagawanywa kwa mbili.

#6 sambusa_za_moto

Kaka Stoo_Kuu, mimi sina stoo. Nina ndoo mbili na meza karibu na ofisi fulani. Sambusa moja inanigharimu 300, nauza 500. Naamka natengeneza 100 kila siku. Zikibaki wanakula watoto nyumbani. Nimeandika siku 10 za kazi, pamoja na wale waliokuja nikiwa nimeishiwa: 78, 95, 62, 85, 104, 70, 80, 120, 74, 88. Nifanyeje?

#7 Stoo_Kuu

Dada, wewe umefanya kitu ambacho maduka makubwa hayafanyi: umeandika na wale uliowakosa. Wengi huandika walichouza. Ukiwa na sambusa 100 na ukauza 100, daftari linasema mahitaji yalikuwa 100, kumbe yalikuwa 120. Ukipangia kwa daftari hilo hutakaa ujue.

Hesabu yako ni tofauti na ya saruji kwa sababu sambusa ya leo si ya kesho. Haina kuagiza tena saa sita mchana. Mzizi wake ni wa zamani kuliko hata Harris: mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth alijiuliza benki iweke fedha taslimu kiasi gani ili wateja wasikute droo tupu. Baadaye wakaifundisha kwa mfano wa muuza magazeti. Wewe weka sambusa.

Ukikosa sambusa moja mteja akaondoka, umepoteza 200 ya faida. Ikibaki moja, umepoteza 300 uliyoiwekea. Chukua 200 ÷ (200 + 300) = 0.4. Panga siku zako kuanzia ndogo: 62, 70, 74, 78, 80, 85, 88, 95, 104, 120. Hesabu hadi asilimia 40, yaani ya nne. Tengeneza 78.

Ndiyo, 78, wakati wastani wako ni karibu 86 na unatengeneza 100. Watu hushangaa hapa. Kwa bei zako, sambusa inayobaki inakuuma kuliko mteja unayemkosa, kwa hiyo ni halali kuishiwa siku 6 kati ya 10. (Watoto watalalamika, lakini hilo liko nje ya kanuni.)

Ila usiishie hapo, maana 0.4 si amri. Ukiweza kuuza zinazobaki jioni kwa 100, hasara ya inayobaki inashuka hadi 200, uwiano unakuwa 0.5, ya tano: 80. Haibadilishi kitu sana. Lakini ukifunga sambusa zote na ukazikaanga kadiri wateja wanavyokuja, mbichi zinarudi kwenye friza? Hasara ya inayobaki tuseme ni 50, umeme na zile zinazopasuka. 200 ÷ 250 = 0.8, ya nane: beba 95. Umehudumia wateja wengi zaidi na umetupa kidogo zaidi, kwa pamoja. Kama pale kuna mahali pa kuwekea jiko, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.

Siku 10 ni chache, endelea kuandika. Na tenganisha mwisho wa mwezi na katikati, mshahara ukitoka mahitaji ni ya ulimwengu mwingine.

#8 sambusa_za_moto

Jiko lipo, la mkaa. Friza ni ya jirani. Nitaongea naye.

#9 Kidonge_Cheupe

Hujambo mkubwa. Niko Eldoret, nina chemist ndogo. Mimi siwezi kupiga simu kila kitu kikishuka, msambazaji wangu anachukua oda kila siku 60, na mzigo unakuja baada ya siku 21. Na dawa si saruji. Mgonjwa akikosa dawa ya shinikizo la damu siwezi kusema nimepoteza faida ya shilingi kadhaa.

#10 Stoo_Kuu

Hoja zako mbili ni nzito, nianze na ya mwisho. Gharama ya kuishiwa haiandikiki kwa shilingi kila mara. Basi usiiandike. Amua kiwango cha huduma unachokubali kukitetea mbele ya mgonjwa, halafu hesabu ikupe akiba yake.

Kwa anayeagiza kwa kalenda, mzigo unaoagiza leo lazima ukufikishe hadi agizo lijalo *lifike*. Si siku 60, ni 60 + 21 = 81. Hapa ndipo chemist nyingi hukauka wiki ya mwisho. Tuseme unatoa dozi 6 kwa siku, mchepuko 3. Kiwango cha kujazia ni 6 × 81 = 486, jumlisha akiba: 1.65 × 3 × √81 = 1.65 × 3 × 9, karibu 45. Jumla 531. Siku ya oda, hesabu zilizopo na zilizo njiani, toa kwenye 531, kinachobaki ndicho unachoagiza.

Ukitaka 99 kati ya 100 badala ya 95, ile 1.65 inakuwa 2.33 na jumla inakuwa 549. Dozi 18 tu zimeongezeka. Kwa dawa ya presha ningelala na hiyo bila kubishana. Kwa mafuta ya ngozi ya bei kali hata 80 inatosha.

Tahadhari moja. Hesabu hii inadhani kila siku inajitegemea na mwaka umenyooka. Dawa ya presha iko hivyo, wagonjwa ni walewale. Dawa ya malaria haiko hivyo, inafuata mvua. Hapo usichukue wastani wa mwaka, chukua miezi ileile ya mwaka jana. Na rafuni, inayokwisha muda mapema itoke mapema, hata kama iliingia jana. Ukichanganya hapo kanuni yote inageuka ya kutupa dawa.

#11 Jumla_na_Reja

Niko upande wa pili wa meza, mimi ndiye wakala mnayemsema 😂 Mmetusema vya kutosha sasa tusikilizeni.

Mnajua kwa nini tunachelewa? Kwa sababu oda zenu hazisomeki. Sukari mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia kuvuna miwa na viwanda vikakwama: mteja wangu wa mifuko 10 aliagiza 30, akijua nitampa 10. Wenzake wote vilevile. Nikijumlisha oda za mtaa ni kama watu wameanza kuoga sukari. Hali ikitulia, kimya miezi, kila mtu anauza aliyoificha. Sasa mimi nimwagize mwenye kiwanda kiasi gani?

#12 Stoo_Kuu

Jumla, hili lina jina huko kwenye vitabu, wanaliita athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo, ncha inaruka mita. Procter & Gamble walilikuta kwenye Pampers. Watoto wanachafua nepi kwa kasi ileile mwaka mzima, lakini oda zilizofika juu ziliyumba kama mlevi. Mwaka 1997 watafiti Lee, Padmanabhan na Whang walitaja sababu nne: kila ngazi kukisia kutokana na oda badala ya mauzo, kuagiza kwa mafungu makubwa, bei za ofa zinazokuja na kuondoka, na hiyo ya kwako, kuomba mara tatu ukijua utagawiwa theluthi.

Dawa ya hiyo ya mwisho iko mikononi mwako. Mzigo ukiwa haba, gawa kwa mauzo ya miezi iliyopita, usigawe kwa oda ya leo. Mteja akijua kwamba kuandika 30 hakumwongezei hata mfuko mmoja, ataandika 10 yake. Na waombe wateja wako wakubwa wakutumie mauzo ya wiki kwa ujumbe mmoja kila Jumamosi. Mauzo, narudia, si oda.

#13 Mtaa_wa_Tano

Swali la saruji. Wakala wangu ndiye huyohuyo wa mchepuko wa siku 2. Kuna mwingine anafika siku ya nne bila kukosa, ila bei yake imezidi shilingi 100 kwa mfuko. Kwa maelezo ya #1 nihamie kwake?

#14 Stoo_Kuu

Nilijua swali hili litakuja. Piga hesabu kabla ya kuhama.

Wakala asiyeyumba kabisa anaishusha akiba kutoka mifuko 35.5 hadi 13.2. Umeokoa mifuko 22.3, mara 3,750, kama 83,600 kwa mwaka. Gawanya kwa mifuko 3,000: ni shilingi 28 kwa mfuko. Anataka 100, yaani 300,000 kwa mwaka. Usihame. Baki na msumbufu wako na uweke mifuko 22 zaidi nyuma ya stoo, juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

Akishuka hadi shilingi 20, hama siku hiyohiyo. Na kama huyo wa kwanza huwa anapotea wiki tatu nzima, hiyo mchepuko wa 2 haimwelezi tena, mpe mwenzake theluthi ya oda zako ili namba yako ya simu isiwe ngeni kwake siku hiyo ikifika.

#15 Mbishi_wa_Mtaa

Na bei ikitaka kupanda je? Kila Juni tunasikia bajeti, Julai mosi kodi mpya. Nitabaki na mifuko yangu 200 kama mjinga?

#16 Stoo_Kuu

Mbishi, hilo ni swali zuri kuliko la mwanzo.

Hapo unaachana na Q kwa agizo moja. Kama una hakika bei inapanda 6%, kila mfuko unaonunua leo unakuokolea 6%, na kuuweka kunakula 25% kwa mwaka. Mfuko wa mwisho unaolipa ni ule utakaokaa 6 ÷ 25 ya mwaka: 0.24, kama siku 88. Siku 72 za kazi, mara mifuko 10, ni 720. Zaidi ya hapo unamfadhili wakala.

Lakini siku 88 ni karibu miezi 3, na saruji ikifika huko inaanza kupoteza nguvu hata ikikaa pakavu, tena kwa unyevu wa Pwani hata hiyo miezi 3 ni ya kujipa moyo. Ningeishia 500. Nondo na misumari havina tatizo hilo, huko jaza hadi mwisho wa hesabu. Na kama kupanda kwa bei ni tetesi tu, zidisha ile 6% kwa unavyoiamini: ukiiamini nusu, weka 3%, siku zinakuwa 44.